Kidole Kisichosikia Mwiba

Alikuwa na jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini sokoni hakuna aliyelikumbuka, na hata yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo alichelewa kuitika. Walimwita Bi Kidole, na jina lilimpata kwa haki. Kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia alifanya kazi mbili ambazo wengine hawakuziweza hata kwa mikono yote miwili: kukamata miiba ndani ya nyama ya samaki, na kupima chumvi.

Nieleze kidogo, maana asiyeijua kazi hii atadhani ni mchezo. Wapishi wengi wa kababu za samaki huchemsha samaki kwanza, wakaichambua nyama iliyoiva, ndipo wakaiponda. Ni njia rahisi na mimi siwalaumu, ila kababu zao huwa kavu, ukiivunja moja inamwagika kama udongo. Bi Kidole alifuata njia ya marehemu mama mkwe wake. Alimpasua samaki wa ziwani angali mbichi, akakwangua nyama kwa kijiko, akaitandaza juu ya sinia, kisha akapitisha kidole polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kila mwiba, hata ule mwembamba kuliko unywele, ulimgusa naye akaung'oa. Baada ya hapo aliiponda nyama pamoja na kitunguu, tangawizi na pilipili, akatia chumvi, akachovya kidole kilekile ndani ya kinu, akakiramba. Akafumba macho. "Bado," alisema, au "Tayari." Na akisema tayari, hata mama mkwe, ambaye kumtoa sifa mdomoni ilikuwa kama kukamua jiwe, hakuongeza neno.

"Mbichi haidanganyi," mama mkwe alikuwa akimwambia. "Ukingoja iive ndipo uonje, umeshachelewa. Kababu iliyoiva huitii chumvi tena."

Kwa maneno hayo Bi Kidole aliishi miaka ishirini na miwili katika kibanda cha bati nyuma ya soko, kibanda kilichopakwa rangi ya kijani ambayo moshi uliigeuza kahawia. Safu ile ilikuwa na vibanda saba, na wanawake wa vile sita vingine wote walijifunza kwake. Hakuwa mchoyo wa ujuzi. Alimshika kila mmoja mkono, akamchovya kidole kwenye kinu, akamsukumia kinywani mwake mwenyewe. "Onja. Sasa kumbuka." Basi safu nzima ikawa inaonja mbichi, na mchana makarani, mafundi na walimu walijaa kwenye mabenchi wakila na kulamba midomo.

Mlaji wake mkubwa alikuwa fundi cherehani, mzee aliyebakiwa na meno manne, yote ya mbele, ya kutabasamia tu. Huyu hakula samaki kokote isipokuwa hapo. Aliivunja kababu vipande viwili, akafumba mdomo, akameza. Watu walipomwambia atafune, aliwacheka.

"Nitafune nini? Kwa Bi Kidole mimi nameza imani."

Bi Kidole akisikia hayo alijifanya ana shughuli na moto, lakini moyoni alikunywa kila neno.

Sasa, mwaka ule alipofikisha miaka hamsini na minne, mwili ukaanza kumfanyia vituko. Alichoka kabla ya kazi. Akipanda ngazi mbili za kibanda alihema kama aliyepanda mlima. Kisha miguu ikawa kama imevaa soksi nene, na hana soksi. Mwisho ganzi ikapanda mikononi, na asubuhi moja alipopitisha kidole juu ya sinia, nyama ilikuwa kimya. Akapitisha tena. Kimya. Aliinamisha macho akauona mwiba umesimama kando ya ukucha wake, mrefu tu, hauna haya, naye hajausikia.

Hakumwambia mtu. Alinunua miwani kwa mchuuzi anayepita na sanduku, akaanza kutafuta miiba kwa macho. Alikagua sinia mara mbili, mara tatu, akachelewa kuwasha moto. Usiku hakuwaza kifo wala ugonjwa, aliwaza jambo moja tu: Bi Kidole asiye na kidole ni nani? Kibanda angeweza kumwachia mwingine, na kula angekula kwa mwanawe. Lakini ile hali ya mzee wa watu kumeza bila kutafuna kwa sababu yako, hiyo ukiipoteza huipati dukani.

Kwa hofu hiyo akawa mkali, na ukali wake ukamwangukia mkamwana. Huyu alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, binti mpole mwenye mikono myepesi, aliyekuwa akimsaidia kibandani kwa mwaka wa pili. Siku hizo mkamwana naye alikuwa anasinzia. Ungemkuta ameegemea gunia la vitunguu, amefumba macho, kisu mkononi.

"Siku hizi mnaolewa na usingizi wenu?" Bi Kidole alimfokea. "Mimi nikiwa na umri wako nilikuwa nakwangua samaki ishirini kabla jua halijatoka. Uvivu huu umetoka nao kwenu?"

"Samahani, mama," mkamwana alijibu, akainuka kwa kushika ukuta.

Mwiba wenyewe ulipita siku ya Alhamisi, mchana kweupe, mabenchi yamejaa. Fundi cherehani aliivunja kababu vipande viwili kama kawaida yake, akameza cha kwanza. Kisha akashika shingo. Uso ukabadilika, macho yakamtoka, akawa anatoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. Benchi zima likasimama. Mume wa Bi Kidole, ambaye ni fundi baiskeli na karakana yake iko hatua chache kutoka hapo, alikuja mbio na baiskeli ya mteja, wakampakia mzee kwenye kiti cha nyuma, safari ya zahanati ikaanza: fundi baiskeli anasukuma, fundi cherehani ameshika shingo, na Bi Kidole nyuma yao na aproni yake, anakimbia kwa miguu asiyoisikia.

Kwenye ngazi ya zahanati miguu hiyo ilimsaliti. Alidhani amekanyaga, kumbe hajakanyaga, akaenda chini mzima mzima mlangoni.

Zahanati ilikuwa ndogo, na daktari wake, msichana mwenye miwani mizito, ndiye aliyetibu, ndiye aliyepima, na siku nyingine ndiye aliyefagia. Alimkalisha mzee kwenye mwanga wa dirisha, akamfungua kinywa, akaingiza kibanio chembamba, akautoa mwiba. Ulikuwa na urefu wa nusu kidole. Mzee alimeza mate mara mbili, akautazama pale kwenye kisahani cha chuma, kisha akamgeukia Bi Kidole. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Ni wa kwako?"

Bi Kidole alitamani sakafu ipasuke.

"Siku moja ilikuwa lazima ije," mzee akasema taratibu, na ule upole wake ndio uliomkata zaidi kuliko angemtukana.

Daktari hakuwa akimtazama mzee tena. Alimfuata Bi Kidole, akamwekea kidole gumba chini ya jicho, akaivuta kope. Ndani palikuwa peupe kama karatasi.

"Mama, hapa mgonjwa ni wewe. Umeanguka mlangoni kwangu, na damu huna. Miguu inakufa ganzi?"

"Kidogo."

"Na mikono?"

Kwa mara ya kwanza akalitamka mbele ya mume wake. "Na mikono."

Fundi baiskeli alikuwa mtu wa utani tangu alfajiri hadi kulala, lakini pale aliusahau utani. Alimshika mkewe begani, akabaki amemshika.

Walipima damu, na kesho yake asubuhi wakapima choo. Daktari alimwita kwenye meza ya pembeni, akamwambia aweke jicho kwenye hadubini. Bi Kidole aliona duara la mwanga, na ndani yake vitu vya mviringo, rangi ya kahawia, vimelala kama mbegu zilizomwagika.

"Hayo ni mayai ya tegu," daktari alisema. "Tegu ni mnyoo bapa, mrefu kama utepe. Huyu ni yule wa samaki."

"Wa samaki, tumboni mwangu?"

"Choo cha binadamu kikiingia ziwani, mayai yanaingia nacho. Yanaliwa na vidudu vya majini, vidudu wanaliwa na samaki wadogo, wadogo wanaliwa na wakubwa. Mtoto wa tegu anajilaza kwenye nyama ya samaki, mweupe, mdogo, kama uzi uliokatika, anangoja. Moto ukimpata, anakufa. Moto usipompata, akifika tumboni anakua mita kwa mita, naye anakula vitamini ile ambayo mwili wako unatengenezea damu na kulisha mishipa ya fahamu. Ndiyo maana vidole vimelala."

"Vitaamka?"

"Nadhani vitaamka. Polepole. Vidonge utameza leo, mara moja tu, naye atatoka. Sindano za vitamini utakuja kuchoma kwa wiki kadhaa. Lakini niambie, mama, unakula samaki mbichi?"

Bi Kidole alijivuta nyuma kama aliyechomwa. "Mimi? Samaki mbichi? Kwani mimi paka?"

"Nauliza tu. Nikimtoa huyu na mlango alioingilia ukabaki wazi, ataingia mwingine."

"Mwanangu, mimi ni mpishi. Kwangu kila kitu kinapita motoni."

Alimeza vidonge, akachomwa sindano, akaondoka kwa hasira. Jioni nzima alimlalamikia mumewe. Msichana mdogo namna ile, kumwita yeye paka! Mumewe alimkumbusha kwamba aliyetaja paka ni yeye mwenyewe, lakini hakusikilizwa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye kinu. Mkamwana alikuwa amekwisha kukagua sinia, kitunguu kimeingia, tangawizi imeingia. Fundi baiskeli alikuwa ameketi kwenye ngazi anakunywa chai yake kabla ya kufungua karakana. Bi Kidole alitia chumvi, akaponda, akachovya kidole, akakiramba, akafumba macho.

"Nyau," alisema fundi baiskeli.

Alikuwa anatania tu. Hata yeye hakujua alichokisema mpaka alipomwona mkewe ameganda, kidole kiko mdomoni, macho yamefunguka yote. Chai ikamshinda.

"Mungu wangu," Bi Kidole alisema. "Mume wangu, mimi nakula samaki mbichi."

Hakuwa amemdanganya daktari. Ndilo jambo ambalo mpaka leo watu hawamwelewi, na mimi namwelewa kabisa. Kuonja si kula. Muulize mpishi yeyote kama amekula, naye ameonja sufuria nzima, atakwambia tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Mara nne kwa siku, kwa miaka ishirini na miwili, kidole kilikuwa kinakwenda kinywani, na kichwani mwake hakuna siku kilipofika.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu wala hakuwa nguoni, alikuwa amekaribishwa ndani kwa chumvi na tangawizi.

Alitema, akasukutua kwa maji ya moto mpaka ulimi ukauma. Kisha akafikiri, na kila alipofikiri alikuta jambo jingine. Walaji walikuwa salama: kababu zake zilikaangwa mpaka ndani, hakuna mnyoo aliyetoka kwenye mafuta yale akiwa hai. Walaji wote salama, aliyeliwa ni mpishi. Lakini wapishi hakuwa yeye peke yake. Aliviona vidole sita alivyovisukuma vinywani, kimoja kimoja. Akaona na cha saba.

"Njoo hapa," alimwita mkamwana.

Binti alikuja akipepesa macho, akitarajia kufokewa. Bi Kidole alimwekea kidole gumba chini ya jicho, akaivuta kope kama alivyofanya daktari. Ndani palikuwa peupe.

Alimkumbatia na mikono yake yote ikiwa na samaki. Alilia kwa sauti, mwanamke ambaye kwenye msiba wa mama yake mwenyewe alilia kwa pembe ya jicho moja.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuita mvivu."

"Mama," mkamwana alijibu, naye akilia, "hata mimi nilikuwa najiita hivyo."

Sasa ikabaki kazi ngumu. Fundi baiskeli, ambaye ni mtu mzuri lakini anapenda amani kuliko ukweli, alitoa ushauri wake.

"Wewe umeshapata dawa. Mkwe wetu atakwenda leo, atapata. Hawa wengine watakwenda wenyewe wakizidiwa. Ukitamka neno tegu na neno kababu kwa pumzi moja, safu nzima imefungwa. Mwiba umekupunguzia jina, usilimalizie kwa mnyoo."

Hakuwa mjinga kwa hayo. Bi Kidole alikaa na ushauri huo siku nzima. Akinyamaza, baada ya muda mwiba ungesahauliwa na vidole vikiamka hakuna ambaye angejua kitu. Akisema, atakuwa yule mwanamke aliyewalisha wenzake minyoo kwa mkono wake. Alikuwa amekwisha kuegemea upande wa kunyamaza, kusema kweli, mpaka alasiri aliposikia sahani inavunjika kwenye kibanda cha jirani.

Jirani huyo walimwita Redio, na sihitaji kueleza sababu. Habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, mchana ilikuwa imefika mpaka kwa wasioihitaji. Wiki ile sahani mbili tayari zilikuwa zimemponyoka mkononi, na kila moja ilipovunjika alitoa mzaha. Hii ilikuwa ya tatu, na safari hii Bi Kidole hakusikia mzaha wowote. Alichungulia akamwona Redio ameduwaa, anaugeuzageuza mkono wake kama wa mtu mwingine.

Bi Kidole alivua aproni, akaenda.

"Mwenzangu, nina siri."

"Siri?" Redio alishangaa kwa dhati. "Ndiyo uniletee mimi?"

"Wewe hasa. Nataka ifike."

Akamweleza yote: mwiba, hadubini, mayai, nyau ya mumewe. Akamalizia na lile lililokuwa zito kuliko yote. "Mimi ndiye niliyekufundisha. Nilikushika huu mkono nikautia mdomoni mwako. Nami nilifundishwa hivyo, lakini wewe umefundishwa na mimi, si na mama mkwe wangu."

Kwa mara ya kwanza tangu safu ile ijengwe, Redio alinyamaza. Ilipita muda mpaka mafuta kwenye kikaango chake yakaanza kutoa moshi.

"Hii miguu," alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Mwezi mzima nalaumu viatu."

Kisha akapanda juu ya kreti ya soda, akaanza kazi aliyozaliwa nayo.

Kabla jua halijashuka soko zima lilijua, na wengine walijua zaidi ya kilichokuwepo. Upande wa wauza nguo ilisemwa kwamba mnyoo alikuwa mrefu kama ukuta wa soko. Upande wa wauza nyanya walidai ana macho. Kwenye safu yenyewe palichafuka. Mwanamke wa kibanda cha mwisho, ambaye Bi Kidole alimfundisha akiwa bado hajui hata kuwasha moto, alimjia amejishika kiuno.

"Umetumaliza! Tegu lako si ungekwenda nalo kimyakimya zahanati ukarudi? Nani atakula hapa kesho?"

"Hakuna," Bi Kidole alimjibu. "Kesho hatutapika. Kesho tunakwenda kupimwa. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami nilishaficha vya kutosha, mzee wa watu nusura anikatikie kwenye benchi."

"Na mimi siumwi kitu!"

"Vizuri. Basi utatusindikiza."

Wakaenda. Daktari alifungua mlango asubuhi akakuta wanawake wanane kwenye benchi la nje, kila mmoja na kikopo kimefungwa kwenye gazeti, wameketi wima na kimya kama wanafunzi siku ya mtihani. Inasemekana alilazimika kurudi ndani kidogo acheke peke yake kabla ya kuwaita. Katika wanane hao, pamoja na Bi Kidole ambaye alishatibiwa, watano walikuwa na mgeni tumboni. Yule wa kibanda cha mwisho alikuwa mmoja wao. Alipoambiwa, alikaa chini, akaomba maji, na walipokuwa wanarudi alimsubiri Bi Kidole njiani wakatembea sambamba. Hakuomba radhi kwa mdomo. Alimbebea mfuko wake mpaka sokoni, nami nahesabu hiyo ni radhi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Redio alitangaza, "na tegu je!"

Waliporudi kwenye moto, mabenchi yalikuwa matupu, na yakakaa matupu siku tisa. Siku hizo hazikupotea. Bi Kidole alikuwa na tatizo la kutatua: utajuaje chumvi bila kuonja mbichi? Alitafuta kikaango kidogo cha kukaangia yai moja. Baada ya kuponda, alichota kipande kama punje ya haragwe, akakikaanga mpaka kikaiva katikati, akakivunja kukagua, ndipo akaonja. Kumbe mama mkwe hakusema uongo. Iliyoiva ina ladha nyingine, na ulimi uliozoea mbichi hupotea njia. Kababu za siku ya kwanza zilikuwa na chumvi ya kutosha kumhifadhi samaki mwaka mzima. Fundi baiskeli alikula moja kwa ajili ya ndoa, akanywa nusu mtungi. Za siku ya pili hazikuwa na ladha ya kitu chochote. Redio, kwenye kibanda chake, alikuwa anapiga kelele za matokeo kama mtangazaji wa mpira. Walicheka, wakachoma na kuharibu, wakajifunza upya, na mwalimu wao akiwa mwanafunzi mmojawapo.

Kazi ya miiba alimwachia mkamwana. Dawa ilimwamsha binti haraka kuliko mama mkwe wake. Ganzi haikuwa imemfika, ilikuwa damu tu. Bi Kidole aliketi kando yake kila asubuhi.

"Usibonyeze. Nyama ukiibonyeza inauficha. Iguse kama unampangusa mtoto machozi."

Siku ya kumi fundi cherehani alitokea. Alisimama mbele ya kibanda, kipimo chake cha utepe shingoni.

"Nasikia ulikuwa na mnyoo."

"Ametoka."

"Na miiba?"

"Mkamwana ndiye anayeitoa sasa. Mimi kidole changu bado hakijasikia."

Alitegemea mzee atageuka aende zake. Mzee aliketi. Akaletewa kababu, akaivunja, akakagua kila kipande kwenye mwanga, kisha akaanza kutafuna kwa yale meno manne ya mbele, polepole, kama sungura mzee. Kababu moja ilimchukua karibu nusu saa. Watu waliokuwa wanapita walisimama kumtazama, na wawili wakaketi.

"Chumvi iko sawa," alisema alipomaliza, akafuta mdomo. "Imani nitairudisha kidogo kidogo, dada. Usinikimbize."

Baada ya hapo mabenchi yalianza kujaa tena, si kwa siku moja. Mzee alikuja kila mchana, na kila mchana alitafuna. Bi Kidole alimwona kutoka kwenye moto, akaendelea kugeuza kababu. Alikwenda kuchoma sindano zake. Rangi ilimrudia usoni, ngazi mbili za kibanda zikawa ngazi mbili tu, soksi zikashuka miguuni wiki baada ya wiki. Lakini kidole kilikuwa bado. Kila asubuhi, baada ya mkamwana kumaliza sinia, alipitisha kidole chake juu ya nyama ileile, kimyakimya, akatikisa kichwa, akaenda kuwasha moto.

Mwezi wa tano tangu ameze vidonge, siku ya Jumanne, mkamwana alichelewa kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Bi Kidole alikwangua samaki mwenyewe, akatandaza nyama, akaona aanze kukagua kwa macho hadi mwenzake afike. Miwani ilikuwa imefunikwa na mvuke wa maji ya moto. Akaivua aifute, na mkono wa kulia ukawa unapita juu ya sinia wenyewe, kwa mazoea tu.

"Aii!"

Mkamwana alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, mwavuli haujafungwa. Aliutupa.

"Mama! Umejikata?"

"Umenichoma!"

"Nani?"

"Mwiba! Umenichoma mwiba!" Tone la damu lilikuwa limesimama kwenye ncha ya kidole, naye alikuwa anaruka kwenye kile kibanda chembamba kama binti wa miaka kumi.

"Pole, mama."

"Usinipe pole! Nipe hongera!"

Na kwa furaha ile, kama mtu yeyote aliyechomwa kidole tangu dunia iumbwe, akakipeleka kinywani. Nyama mbichi bado imekiganda. Mkamwana alimdaka kifundo cha mkono hewani, kidole kikiwa kimebakiza upana wa punje ya mchele kufika mdomoni.

"Mama! Kidole!"

Walitazamana. Kisha wakacheka mpaka Redio akaja kuuliza kuna habari gani, akapewa, akaondoka nayo.

Mchana huo fundi cherehani aliketi mahali pake. Bi Kidole alimletea sahani mwenyewe, akamwonyesha ncha ya kidole, ambayo ilikuwa imefungwa kitambaa kidogo cheupe.

"Leo sinia ya kwanza nimesoma mimi."

Mzee alikitazama kitambaa, akamtazama na mwenye kidole. Aliivunja kababu vipande viwili, akafumba mdomo, akameza.